Mikono ya Dada Yetu wa Ofisi ya Maji

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nasimama kuwaeleza maisha ya dada yetu, mimi nikiwa mdogo wake wa mwisho, na sauti ikinikatika naomba mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa fundi mitambo na mshonaji, na akiwa na miaka saba homa ya uti wa mgongo ilimwondolea usikivu, mama akawa anamwita uani naye hageuki. Mwaka 1979 alipelekwa shule ya bweni ya wasiosikia, akamaliza mwaka 1990, kisha akasomea utunzaji wa kumbukumbu.

Tarehe 2 Mei 1995 aliajiriwa masjala ya ofisi ya maji, akapewa meza nyuma ya makabati, na kwa miaka kumi na moja wenzake walimpenda kwa mbali, yaani walimpungia mkono asubuhi, wakafanya mikutano bila yeye, na walipocheka naye alicheka ili asionekane mgeni, jambo alilotueleza nyumbani huku machozi yakimtoka.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na seremala aliyesoma naye shule moja, naye pia hasikii, wakajaliwa binti na kijana, nyumba yao ikawa na kelele kuliko zetu zote, kwa jinsi walivyogonga meza wakiitana.

Mwaka 2006 alikuja mkuu mpya wa idara, mama asiye na maneno mengi, akaiona meza ile, akauliza, "Mwenzenu huyu mnaongea naye saa ngapi?" Papo hapo akaagiza meza ihamishwe katikati, mikutano ifanywe watu wakikaa kwa duara, na kila Ijumaa dada awafundishe wote lugha ya alama, akianza na yeye mkuu. Mhasibu alinung'unika, "Mimi na kitambi hiki nianze kucheza na vidole?" naye dada, aliyemsoma midomo, akampa jina la alama la kujipapasa tumbo, ofisi nzima ikaangua kicheko, na safari hiyo alijua wanacheka nini. Baadaye alipanda kuwa msimamizi wa masjala, na wateja wasiosikia wakahudumiwa dirishani bila kusindikizwa na mtu.

Oktoba mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya ini. Mhasibu huyohuyo, ndiye huyu aliye kando yangu akitafsiri kwa mikono ili shemeji apate kila neno, alishinda na dada wodini, na muuguzi alipotaka kumwekea dripu mkono wa kulia alimwambia, "Sista, tafuta mshipa kwingine, huo mkono ndio mdomo wake."

Ijumaa iliyopita mikono ilimwishia nguvu, alama zikakatikia njiani, sote tumemwinamia bila kuambulia kitu, akafaulu moja tu, ya kumwuliza mumewe kama amekula, na shemeji, ambaye hakuwa ametia kitu mdomoni tangu juzi yake, akamwitikia kwamba ameshiba. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 8 Juni 2024, alituacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi, na ninyi wa ofisi ya maji, mliomfanya awe na watu wa kuongea nao.

Dada yetu, umesema vya kutosha, pumzisha sasa mikono yako, ulale kwa amani.