Difu Itakayokaa Mahali Pangu

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo aliyesimama mlangoni kama mgeni naye aingie akae, kwa maana sauti niliyobakiwa nayo ni ndogo na sitaki kuigawa, mmoja nimwambie hapa na mwingine apelekewe salamu. Wewe mkubwa wangu, fundi wangu, kaa upande wa sikio linalosikia. Wewe kitinda mimba wangu, dereva wangu, kaa hapo miguuni nikuone. Na wewe mkwe wangu, usikimbilie jikoni. Umekuwa simu ya nyumba hii tangu hawa wawili waliponuniana, "mwambie mumeo," "mwambie wifi yako," basi leo simu ipumzike. Nitasema mimi, mtasikia wote pamoja, na nikimaliza mtashuka gereji mkafanye nitakalosema, maana mbio za mlimani ni Jumapili hii na Panzi, kigari chetu, yuko juu ya matofali, hana matumbo.

Na msinikatize. Mgonjwa akikatizwa hasahau, hukasirika.

Nianze na vyepesi. Nyumba hii, chumba hiki cha juu na gereji iliyo chini yake, ni yenu wawili, wala asije mtu akapiga mstari wa chaki katikati. Cherehani ni ya mkwe wangu, kwa sababu mikono yake ina subira na yenu haina. Spana za baba yenu ni za mkubwa. Miwani yake ya upepo ni ya mdogo, ingawa kamba yake imelegea na itataka kushonwa. Ile jeki nyekundu si yetu. Baba yenu aliiazima kwa Bwana Kofia, yule mshindani wake wa siku zote, siku shafti ya Panzi ilipokatika katikati ya mashindano. Kisha wakagombana juu ya nani alimziba nani kwenye kona, na jeki ikabaki huku ikinuna pamoja nao. Mrudishieni. Mzee yule bado yu hai, na bado anavaa kofia ndani ya nyumba. Msimwambie samahani, maana kwenye kona ile yeye ndiye aliyeziba. Mwambieni ahsante, inatosha.

Sasa habari ya Panzi mwenyewe, ingawa mnadhani mnaijua.

Baba yenu alikikuta kigari kile nyuma ya karakana ya matrekta, viti viwili, hakina paa, kuku wametagia kwenye kiti cha abiria, na siku alipokivuta kwa kamba hadi nyumbani mama yangu alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwanangu, huyu mumeo ameleta gari au ameleta banda?" Ukiona vyaelea, vimeundwa. Alikiunda, mkubwa wangu, wewe ukiwa mgongoni kwangu, na kikaanza kwenda mbio kuliko vilivyonunuliwa vipya. Ila kilikuwa na ugonjwa. Difu yake ya asili, kile chuma cha kati kinachogawia matairi ya nyuma nguvu, ni difu yenye adabu mno: ikiona tairi moja linapata tabu, nguvu yote inaipeleka kwa lile lisilo na tabu. Njia ya sokoni hilo ni jambo jema, gari linapinda kwa raha. Lakini kwenye mbio Panzi akiingia kona analalia nje, na gurudumu la nyuma la upande wa ndani linanyanyuka. Basi nguvu yote inakwenda kwa hilo lililo hewani, linazunguka kama pia, injini inalia, na gari haliendi popote. Bwana Kofia alikuwa akisimama ukingoni anawaambia watu, "Tazameni gari la mwenzetu, linakojoa kila kona kama mbwa!"

Iliniuma. Siku moja ya mazoezi nikamwambia baba yenu, "Niache nipande." Akasema, "Utapanda ufanye nini?" Nikamwambia, "Nikae pale panaponyanyuka." Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha kucheka, akanitazama kiunoni na mabegani kama mtu anayepima mzigo, akasema, "Vaa suruali yangu."

Ndivyo nilivyoanza. Kona ya kushoto nilitoa mwili nje, nikashika ukingo wa mlango na kamba aliyonifungia, nikalalia gurudumu la nyuma mpaka vumbi likanijaa masikioni. Kona ya kulia nilijitupa nyuma ya mgongo wake, kifua juu ya chuma cha nyuma, upepo ukinichapa usoni. Hakuwa akisema. Alinigusa kwa kiwiko tu, na akigusa mimi nilikuwa nimekwisha hama. Gurudumu likishuka likaikamata barabara, nililisikia kwenye mbavu zangu kabla yeye hajalisikia kwenye usukani. Bwana Kofia akapiga kelele, "Mwenzetu kabeba gunia!" na jina likanishika, hata wauza maji uwanjani wakaniita Mama Gunia. Dua la kuku halimpati mwewe. Jioni ile Panzi alimaliza mbele yake, na bwana yule akaja polepole, amevua ile kofia, akamuuliza baba yenu, "Samahani, bwana, magunia haya yanauzwa wapi?" Baba yenu akamjibu, "Hili lilikuwa la mwisho dukani."

Yale makombe juu ya kabati ni ya enzi hizo. Msiyatazame mkasema ni ya baba. Nusu yake ni kiuno changu.

Kisha wakubwa wa mbio wakakataza abiria, na walikuwa na haki, kwa maana wake za watu na wadogo za watu walianza kuning'inia kwenye magari kama nguo kwenye kamba, na wengine wakaanguka. Nikashuka. Panzi akarudia kunyanyua mguu wake. Ndipo mzee fundi wa difu, baba yake huyu fundi wa difu tunayemwita sasa, akaja hapa wakati wa kula, nyinyi mmekaa na vikombe vyenu, akasema, "Bwana, ninayo difu ya kubana, ya pleti. Ikae hiyo, itafanya kazi aliyokuwa akifanya mama." Baba yenu hakumtazama fundi. Alinitazama mimi, akasema, "Huyu hana spea." Akaendelea kula.

Wanangu, maneno hayo ndiyo mliyoyachukua mkayafanya katiba.

Wewe mkubwa ulimwambia mdogo wako, "Mwacha asili ni mtumwa. Baba alisema Panzi hatiwi difu nyingine, nami sifungi." Na wewe mdogo, kwa kuwa ulimi hauna mfupa, ukamjibu kaka yako, "Wewe hulindi gari, unalinda kaburi." Nilisikia. Sakafu hii ni ya mbao, na mimi nimeugua kifua, sikuugua hili sikio. Tangu siku hiyo hamjasemezana, ekseli iko wazi sakafuni inaingia mchanga, na gari alilolifufua baba yenu mnaliua kwa heshima.

Sikilizeni niwaambie lile neno lilikuwa nini. Halikuwa sheria ya gari. Lilikuwa neno la mume kwa mkewe. Alilisema mbele ya mgeni ili niringe, nami niliringa. Nilipokwenda sokoni nilipita katikati ya njia. Baada ya hapo alishindwa mbio hata hesabu ikapotea, akawa anarudi na tairi la upande wa ndani limeliwa, ananuka moshi, anavua miwani na kuniambia, "Leo nimekukumbuka kwenye kona ya juu." Mwanamke gani angebadilisha hilo na kombe? Sijutii hata kona moja. Lakini neno lilikuwa langu, nilipewa mimi, na cha kwangu nina ruhusa ya kukifungua. Usiache mbachao kwa msala upitao, ndiyo. Ila mbacha wenyewe unaondoka, wanangu, na pahali hapalaliwi patupu.

Mkubwa, usiiname hivyo. Uaminifu wako umeutoa kwa baba yako, naujua. Na wewe mdogo, haraka yako umeitoa kwangu, naijua zaidi.

Kwa hiyo juzi nilimwita fundi wa difu bila kuwaambia. Alipanda ngazi na begi lake, akatandaza gazeti juu ya blanketi, akapanga vyuma vyake hapa juu ya miguu yangu, mkwe wangu akililia mashuka yake. Akaanza na difu iliyochomelewa, gia zimeungwa kwa moto zikawa kitu kimoja. Akasema, "Hii haidanganyi, mama, matairi mawili yanazunguka sawa siku zote." Nikamwambia basi hata kuingia getini itakuwa vita, na shafti za Panzi ni nyembamba kama mikono yangu, zitakatika. Akacheka, akairudisha kwenye begi.

Ya pili ilikuwa ya gia tupu, haina pleti, meno yake yamekatwa mshazari yanaumana yenyewe. Nzuri, wanangu! Nilitamani kuivaa shingoni. Laini, haina kelele, haichakai; ukishaifunga unaisahau. Lakini fundi akasema, "Hapa nakuuliza wewe, mama, maana mimi najua difu, sijawahi kukaa ndani ya Panzi. Lile gurudumu linanyanyuka kweli, au linakuwa jepesi tu?" Nikamwonyesha kwa kiganja: paka angepita chini yake bila kuinamisha masikio. Akaitazama ile difu kama mtu anayemtazama mchumba aliyekataliwa. "Basi hii haikufai. Hii humpa mwenye nguvu kwa kadiri ya alichonacho mnyonge. Mnyonge akiwa hewani hana kitu, na mwenzake naye hapati kitu."

Ikabaki ya pleti, aina ile ile aliyoitaja baba yake. Pleti zimepangwa kama sahani kabatini, na springi zinazibana hata gari likiwa limesimama. Kwa hiyo gurudumu moja likiruka, lililo chini bado limeshikwa na bado linasukuma. Ina tabia zake, hiyo. Inataka oili yake yenyewe, haili ya wengine. Mkigeuza gari polepole uani italalamika, kr-kr-kr, kama magoti yangu kwenye ngazi, msitishike. Na inachakaa. Kila msimu lazima ifunguliwe, pleti zipimwe, dereva aseme alivyohisi kwenye kona, na fundi akaze au alegeze.

Fundi alipofika hapo nikamwambia, ifunge kwenye gazeti, nimekwisha chagua. Iko chini ya kitanda. Mkubwa, inama uitoe. Iweke hapa... hapa, kati yenu.

Nimeichagua kwa ajili ya lile gurudumu, hiyo ni sababu ya mlimani. Sababu ya nyumbani ni kwamba ile nyingine ingefungwa ikasahauliwa, nanyi mngesahauliana pamoja nayo. Hii haikubali. Dereva asiposema, fundi hajui akaze wapi. Fundi asipouliza, dereva anakwenda na asichokijua. Wala asisimame mtu mazikoni kwangu akasema ndugu ni kama matairi mawili ya gari moja. Matairi ni matairi. Nyinyi ni watoto wangu, nataka mzungumze.

Panzi ni wa wote wawili. Usukani ni wa mdogo, difu ni ya mkubwa. Mdogo, usimwambie kaka yako "kaza" kwa sababu umepitwa. Ikikazwa mno pua ya Panzi itakataa kugeuka, nawe utakwenda moja kwa moja hadi kwa watazamaji. Mkubwa, usimlegezee mdogo wako kwa hofu halafu ukaita hofu hiyo busara. Ibane akikanyaga mafuta... iachie akiinua mguu. Hivyo tu. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi.

Maji kidogo, mkwe wangu. ...Ahsante.

Kiti changu cha abiria king'oeni. Hakina kazi tena, ni uzito wa bure. Msikitundike sebuleni. Mkwe wangu akikalie akishona. Na ikiwa nitakuwa nimekwenda kabla ya Jumapili, nizikeni kwa wakati wake, na Panzi apande mlima kwa wakati wake. Asiahirishe mtu. Bwana Kofia akiuliza gunia liko wapi... mwambieni liko nyuma, limefungwa kwa nati.

Leteni mikono. Ya kwako ina grisi, usiifute. Radhi yangu iwe juu yenu, safi isiyo na kinyongo ndani yake. Mungu awape kazi isiyowaaibisha, na macho ya kuona kona kabla haijafika, na watoto watakaobishana nanyi kwa sauti. Nimewazaa na nimejivuna. Nimejivuna, mnasikia? Basi... shukeni. Mkubwa, beba. Mdogo, chukua oili. Mlango acheni wazi.

Mkwe wangu, kaa. Wameshuka? ...Nisikilizie wewe, sikio langu linakwenda mbali. Wanasemaje? ...Kimya? ...Ngoja. Ngoja tu.

Hiyo ni spana.

Umesikia? Amesema, "Shika hapa." Kaka mtu. Amemwambia mwenyewe, hakukuita wewe. ...Na yeye kajibu nini? ..."Siyo hivyo, kaka, igeuze." ...Ehee. ...Usiende, mama. Usiwaamue. ...Waache wabishane.

Waache...