Damu ya Bernadina

Mwaka themanini na moja sukari ilikuwa haionekani Karatu, kwa hiyo kahawa ya kijiwe chetu, nje ya banda la Hilari fundi baiskeli, tuliinywa hivyo hivyo chungu. Hilari tulimwita Pancha. Josephati tulimwita Daktari, maana aliwahi kulazwa hospitali ya Endulen wiki mbili akarudi anajua kila ugonjwa. Siku moja Mzee Damiano alikaa nasi tangu asubuhi hachangii neno. Binti yake Bernadina alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba, na Mwalimu Evarista alitarajiwa kufika na basi la Mbulu akiwa na majina ya waliochaguliwa sekondari.

Hofu ya Damiano ilianzia hapo hapo kwenye benchi. Mwanzoni mwa mwaka Daktari alimshauri amwombee binti ruhusa asikimbie mchakamchaka wa alfajiri, ule wa shule nzima kuzunguka kijiji kwa nyimbo, wala asichote maji, ili nguvu zote ziende kwenye vitabu. Damiano akamwombea. Kufika mtihani wa majaribio, mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza alikuwa anasinzia darasani, akaangukia katikati ya wenzake.

— Mimi nasimama palepale, alisema Daktari. Damu ni moja. Ikishuka miguuni, kichwani inabaki nini?

— Acha hizo, alisema Pancha. Kichwa ni tyubu. Usipopiga pampu upepo utaingiaje? Na pampu yenyewe ndiyo miguu.

Daktari akamwambia awatazame wazungu wanaoshuka kreta ya Ngorongoro kutazama wanyama. Hawatembei, wanakaa ndani ya Landrova na darubini zao, na kila mmoja ana digrii. Pancha akauliza kama hizo digrii walizipatia humo ndani ya Landrova. Daktari akasema wakimbiaji wa kwetu wanashinda mbio mpaka Ulaya, lakini hajasikia hata mmoja kawa profesa. Mimi nikaongeza kwamba fisi hukimbia usiku kucha na akili yake sijaiona. Pancha akanikatalia katakata, akasema fisi hajawahi kukamatwa na mgambo.

— Nyie mnacheka, alisema Damiano taratibu. Mama yake hasemi na mimi tangu yale majaribio. Mtoto akikosa, nitamtazama vipi?

Kweli niliona aibu. Basi likafika na vumbi lake. Mwalimu Evarista akashuka na kikapu mkononi, Damiano akasimama.

— Hongera, Mzee Damiano. Bernadina kachaguliwa.

Damiano alirudi kukaa kama mtu aliyetuliwa gunia la maharage. Machozi yakamtoka na hakuyaficha, nasi tukampa mkono mmoja mmoja, tumefurahi utadhani mtoto ni wetu sote. Mwalimu akaeleza kwamba baada ya yale majaribio binti alimfuata, akamwomba arudi kukimbia na baba asiambiwe. Kila alfajiri, Damiano akiwa ameshakwenda shamba, Bernadina alikuwa mbele akiongoza nyimbo, na kusinzia kukaisha.

Mwalimu alipoondoka, Pancha alitukumbusha kuwa yeye alisema. Daktari hakukubali hata kidogo. Kwake, damu ambayo mtoto aliiweka akiba alipokuwa amepumzika ndiyo iliyofanya mtihani.

Pembeni alikuwepo Sylvesta, kibarua mgeni kutoka Singida, aliyeleta baiskeli ya mwajiri wake izibwe. Alikuwa ametusikiliza muda wote.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Yeye mwenyewe anasemaje? Akikimbia anajisikiaje?

Pancha akamtazama Daktari, Daktari akanitazama mimi. Mwaka mzima tumeipangia kazi damu ya yule mtoto, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

— Sijui, alisema Damiano. Akavaa kofia yake. Ngoja nikamuulize.