Majani ya Bwawa la Osundwa

Benchi letu liko kwenye kona ya soko la Mayoni, kando ya birika la Maximilla, na kahawa yake ni kali kiasi cha kumfanya mtu aungame dhambi za jirani. Mimi nimefika Juba, Kigali na Mombasa, na kote huko nilihitimu kukaa tu. Asubuhi hiyo hata mzaha wangu haukupata mteja. Osundwa alikuja moja kwa moja kutoka kwenye bwawa lake la samaki, suruali imelowa hadi magotini.

— Samaki wanapumua juu, wazee. Wamepanua midomo kama kwaya. Majani yamefunika bwawa lote.

— Si tulikata Jumamosi! akaruka Erastus, tunayemwita Injinia kwa sababu redio moja aliyoitengeneza iliwahi kukohoa. Panga sita, siku nzima!

— Mlikata, yakaongezeka.

— Hiyo ni gugu maji ya ziwa, akaamua Simiyu. Huyu ni Daktari. Aliuzanga dawa ya kupe.

— Gugu maji inaeleanga na mizizi yake, Daktari, Osundwa akapinga. Hii imeshika tope huko chini. Jani ndio imelala juu, kama moyo, na maua ya manjano.

— Basi ni wachimba dhahabu wa Malinya. Wamemwaga dawa yao, majani yamelewa.

— Malinya mpaka hapa? Dawa ilipanda bodaboda?

— Mimi naona ni setilaiti, Injinia akasema. Inamulikanga bwawa usiku. Majani yanadhani ni mchana, hayalali.

Nami nikashauri tulete kiboko. Nilimwona mmoja Uganda, mlaji hodari.

— Na kiboko tutamtoa na nini? Osundwa akafoka. Ninyi mnacheza! Niling'oa miwa nikachimba hiyo bwawa, na mama watoto alinikataza. Samaki wakikufa, nitamwangalia na macho gani?

Daktari akamgusa bega.

— Tulia, ndugu yangu. Haba na haba hujaza kibaba. Twende tukate tena, safari hii vipande vidogo vidogo kabisa.

Tukainuka kutafuta panga. Mama mmoja aliyekuwa akinywa kahawa yake kimya, Cherop, aliyehamia juzi kutoka Lugari, akatusimamisha.

— Samahani, wazee. Sisi tumezoea mahindi. Hii miwa mnapandanga aje? Sijaona mbegu dukani.

— Mbegu ya nini, mama? Injinia akacheka. Unakata miwa vipande vipande. Kila kipande kikipata unyevu...

— Kinaota, akamalizia Daktari, kisha akaketi tena.

Maximilla aliacha kumimina.

— Sasa zile za Jumamosi, Cherop akauliza, vipande mlipeleka wapi?

Osundwa aligeuka akanitazama mimi, msafiri, niliyeshauri tuvisukume vyote kwenye mfereji viende zao. Mfereji ule unaingia mtoni, na huko chini mtoni kuna mabwawa ya watu tisa.