Rakaa Moja ya Ayasofya

Ilikuwa mwaka 2018, huku ughaibuni, kwenye basi la kwenda Stechford. Mbele yangu walikaa Mwanasiti, bibi wa Kizanzibari, na Rukiya, Msomali wa Nairobi. Walikuwa wamejuana kwa vituo vitatu.

"Mjukuu wangu alipougua niliweka nadhiri," alisema Mwanasiti. "Akipona, nitaswali rakaa mbili Ayasofya. Akapona, nikaenda Istanbul. Kumbe makumbusho!"

"Si ungegoogle kwanza, mama? Ilikuwa kanisa, ikawa msikiti, sasa ni kukata tikiti."

"Nikavua viatu hivyo hivyo. Marumaru baridi, we! Na kuba lile huoni linaposhikiliwa. Warumi walijenga, miaka elfu na mia tano." Kibanda changu cha bustani Northfield hakikumaliza miwili, lakini sikuulizwa. "Nikaelekea kibla. Namaliza rakaa ya kwanza tu, mlinzi huyo, mbio!"

"Basi nadhiri haijatimia. Itabidi urudi."

"Nirudi Istanbul kwa rakaa moja?"

"Nadhiri ni nadhiri, mama."

"Tena hata hakunijia mimi, aliwajia watalii. Waliniona nimevua viatu, wakadhani ndiyo sheria ya pale. Wakavua, wakajipanga nyuma yangu. Nikiinama, wanainama."

Rukiya akamgeukia. "Yaani uliwaswalisha? Na wanaume walikuwemo, nyuma ya mwanamke?"

Basi likasimama. Mwanasiti akachukua mfuko wake, akateremka taratibu, akageuka akiwa barabarani.

"Wanne," alisema, na mlango ukafungwa.