Mlango Usiopitisha Shaba

Hapa Gisenyi, kwenye njia inayoteremka kwenda Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa kwenda Goma, kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye Fuso iliyokufa, na wenyewe wanakiita Kabini. Ukikaa Kabini huendi popote, lakini kila mtu pale ni dereva wa mdomo. Saidati anauza kahawa na tangawizi pembeni, naye ndiye serikali, maana akifunika birika kikao kimekwisha. Siméon, fundi wa simu na kompyuta, ana meza yake hapohapo. Wenzake wamembatiza Batiri kwa sababu huzimika katikati ya sentensi. Alasiri hiyo hakuwa akitengeneza cha mtu. Alikuwa ameiweka laptop juu ya kreti ya soda, amevuta umeme kutoka kwenye kibanda cha Saidati, na anamkodolea macho jamaa mmoja wa kwenye kioo, mwenye ndevu na shoka, aliyesimama mbele ya mlango wa mbao usio na nyumba.

Ni mchezo wa Waviking, wale mabaharia wa kale wa nchi za baridi. Unatupwa porini mikono mitupu, unatafuta chakula, unajenga, na kila nchi unayoingia inakuua kwa namna yake. Aliyemwingiza Siméon humo ni Ineza, binti yake wa miaka kumi na minne, anayeishi Goma na mama yake. Walianza pamoja. Kisha Ineza akatangulia, nchi baada ya nchi, baba akabaki nyuma anaokota uyoga. Asubuhi hiyo Ineza alikuwa ametuma sauti, na Kabini nzima ilikwisha kuisikiliza, maana pale siri ya mtu mmoja ni ya kiti kizima.

— Papa, nimejenga mulango huku kwangu. Na we jenga yako, uiandike jina moja na yangu, itawaka, utapita. Jina niliandika ni ya fasi, ya pahali tunakaa. Leo mbele ya giza kuingia mi na benzangu tunaenda na boti ku inchi ya moto. Kama haukuje, basi papa, acha tu.

Hiyo "acha tu" ndiyo Siméon aliyoirudia kuisikiliza tena na tena. Mtoto akikulilia unajua la kufanya. Mtoto akikwambia acha tu, kwa upole, bila kununa, ujue ameanza kukuzoea ulivyo. Siméon alikuwa anaogopa, na kahawa yote ya Saidati haikuweza kuiteremsha hofu hiyo.

— Andika GOMA, alisema Habiyaremye. Huyu zamani alibeba mizigo ya watu mpakani, na tangu hapo anajiona ofisa wa forodha. Jina lake la kijiwe ni Dwani, yaani forodha kwa Kifaransa cha mpakani.

— Niliandika.

— Na herufi kubwa?

— Kubwa, kidogo, zote. Haiwake.

— Bon. Andika quartier, jina ya mutaa. Andika Himbi.

— Anakaa Katindo.

— Basi andika Katindo, sha. Unangoja nikuandikie?

Siméon akaandika. Mlango ukabaki mbao.

— Kwani lazima mlango? aliuliza Hakimu. Si upande mashua umfuate?

Hakimu alirudi kutoka Kigoma na Kiswahili cha redioni na gunia la methali. Shida yake ni moja tu: anazitoa kama mtu aliyeokota funguo njiani, anajaribu kila mlango. Wanamwita Bongo.

— Nilienda na boti, Siméon akasema. Nyoka ya mu mayi ikaivunja. Nikaogelea, nikatokea ku matope. Kule iko maruba makubwa kama mbwa. Nilikufa, vitu vyangu vyote vikabakia kule.

— Damu nzito kuliko maji, Bongo akasema kwa huzuni ya kweli.

— Hiyo ni ya ndugu, Bongo, Saidati akamwambia. Haiko ya ruba.

— Ruba hajui hayo, anakunywa tu.

Dwani akaisogelea laptop na kuweka kidole chake kinene juu ya ramani ya mchezo.

— Hii inchi mi naijua. Hapa fasi ya majani, ni Rugerero. Pori nyeusi ni Gishwati ya zamani, mbele bakate miti. Mulima ya baridi ni Karisimbi. Ukungu, ile haukuone mukono yako mwenyewe, ni Mahoko saa ya soko ya asubuhi. Na inchi ya moto haiombe masomo: geuka nyuma, tazama Nyiragongo.

— Na ule uwanda wa mbu? aliuliza Bongo.

— Bugarama. Fasi gani ingine mbu moja inaua mutu muzima?

— Mmoja tu?

— Moja tu, Siméon akasema. Unasikia inalia, unageuka, umeisha.

— Ndiyo maana wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingia wapi hiyo? Saidati akauliza.

— Mbu ni haba. Kaburi ndilo kibaba.

Dwani hakuwa na muda wa makaburi, nadharia ilikuwa imemshika.

— Donc hawa Waviking bashafika hapa. Balipita ku Kivu na maboti yao, bakaona mulima inawaka usiku, bakasema ni jiko ya mungu yao. Bakakimbia. Kisha bakatengeneza huu mchezo, batoto bao basisahau njia.

— Uongo, akasema Bongo. Batiri, si uliniambia mwanzoni kabisa mtu anaanza akiwa amekwisha kufa?

— Ndiyo. Unaanzaka umeisha kufa, ndege mukubwa anakubeba, anakutupa mu majani.

— Mmesikia? Hao wote ni marehemu. Na marehemu hana mtaa. Ndiyo sababu Katindo imekataa.

— Marehemu gani anachoma nguruwe kila siku? Saidati akauliza.

— Marehemu Mkristo.

Dwani, ambaye ni Mkristo na hana neno na nguruwe, akacheka mpaka kahawa ikamwagikia shati. Siméon hakucheka. Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa ziwa, na yeye alikuwa anahesabu mwanga.

— Ngoja, Dwani akasema, akajifuta. Siméon, mu mufuko uko na nini?

— Nyama, asali, ngozi. Na shaba kidogo.

— Si unaona! Shaba!

Hapa lazima mtu aeleweshwe. Milango ya mchezo huo inapitisha watu, nyama, mbao, hata mifupa, lakini madini haipitishi: si shaba, si bati, si chuma. Siku Dwani aliposikia sheria hiyo kwa mara ya kwanza alisimama wima, akatamka kwamba aliyeunda mchezo ule bila shaka amefanya kazi mpakani. Tena akamfundisha Siméon kupitisha shaba vipande vidogovidogo, kila kipande chini ya nyama. Walishinda kutwa wakijaribu kwenye mlango mwingine wa zamani. Mlango ulikataa hata kipande kimoja, na Dwani akaenda nyumbani amenuna, anasema mlango hauna macho, umeona vipi.

— Tupa shaba yote, aliamuru sasa. Mulango inakuonea haya.

Siméon akaitupa yote majanini. Mlango ukabaki mbao.

— Jina ndiyo shida, akasema. Jina. Si shaba.

Bongo akanyoosha kikombe chake kitupu kwa Saidati.

— Mama, ongeza hapa upesi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Alikuwa anasema kahawa. Wallahi alikuwa anasema kahawa tu. Lakini kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka Kigoma methali yake ilikuwa imepata mwenyewe. Saidati hakummiminia.

— Hakimu, ulimi yako haina breki?

Siméon aliinamia vitufe, akaanza kuandika mbiombio. GISENYI. RUBAVU. NENGO, alikopanga yeye. KWETU. NYUMBANI. Kila jina aliliandika kwa matumaini na kila jina lilimrudi.

Hapo akafika mwanamke mgeni, kikapu kichwani na simu iliyopasuka kioo mkononi. Akasema anaitwa Vénantie, ametoka Mahoko, ameelekezwa kwa fundi. Saidati akamsogezea kigoda na kikombe, akamwomba amvumilie fundi kidogo, ana shida ya mtoto. Dwani akamweleza mambo yote, kuanzia ruba mpaka jiko la mungu, na mwisho akamsikilizisha ile sauti.

Vénantie alisikiliza, akanywa funda moja.

— Samahani, muzee. Mutoto anasema "tunakaa". Ni ye na nani?

— Ye na mama yake, Dwani akajibu.

— Hiyo ni Goma. Munasema Goma imekataa.

— Basi ye na papa yake.

— Bon. Ye na papa yake banakaaka wapi?

Bongo akachungulia ndani ya kikombe chake kitupu.

— Kile kinyumba mulijenga mu majani, ya kwanza? Saidati akajaribu, kwa sauti ndogo.

— Mijitu ya pori ilivunja, Siméon akasema. Mi nilikuwa nimelala.

Kutoka Kabini unafika barrière kahawa ikiwa bado moto kikombeni. Mara ya mwisho Siméon kuvuka, Ineza alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Alimwahidi kila Jumapili. Kisha ikawa foleni ndefu, kisha kazi, kisha mama wa mtoto anamtazama vibaya, kisha aibu tu, ambayo haihitaji sababu nyingine. Mchezo ulipokuja alishukuru kama mtu aliyesamehewa. Aliona amekwisha kurudi kuwa baba bila kutoka kitini.

Akafuta NENGO, herufi moja moja. Akatafuta la kuandika, hakulipata. Akabonyeza hivyohivyo.

Mlango ukawaka, mwekundu, mbao zote zikang'aa.

— Imewaka, Dwani akasema. Imewaka, sha. Umeandika jina gani?

Siméon akaigeuza laptop waone wote. Kisanduku cha jina kilikuwa kitupu, kama Ineza alivyokiacha cha kwake.

Bongo alitafuta methali. Ilionekana usoni kwamba anatafuta, gunia zima, na hakutoa hata moja. Saidati akafunika birika.

Siméon alichukua simu, akaisogeza mdomoni.

— Ineza, mulango yako imewaka. Nimeona jina. Usipande boti. Nakuya.

Akamwomba Vénantie aiache simu yake mpaka kesho, akavaa koti, akapapasa mfuko wa ndani kuona kama kitambulisho kipo.

— Unaenda wapi? Dwani akashangaa. Ingia, mulango iko wazi.

— Dwani, iko foleni leo?

— Foleni ya nini? Ku mulango ile iko we peke yako.

— Siulize ile, Siméon akasema, na akaanza kuteremka.