Mama Bibiane na Mtoto wa Karibu na Mlango

Tarehe mbili Julai mwaka huu wa 1987, matokeo yakishagawiwa, Mama Bibiane Ngoie atarudisha ufunguo wa darasa la pili na kustaafu. Amefundisha miaka ishirini na tisa katika shule yetu ya kambi ya wafanyakazi, hapa Likasi. Nimeombwa niandike maneno mazuri na mafupi. Mazuri nitajaribu. Na kwa kuwa karatasi hii itapitia ofisini kabla ya kupigwa stensili, namwomba atakayeisoma kule aisome taratibu na asikate kitu.

Alianza kazi mwaka 1958, mji ukiitwa bado Jadotville. Mji ulibadilishwa jina, nchi ikabadilishwa jina, na yeye mwenyewe akaambiwa na serikali jina lake la ubatizo liondoke makaratasini. Likaondoka makaratasini. Hapa kambini hakuna aliyewahi kumwita vingine.

Ni mtu wa vichekesho, mwenye sauti ya kuvuka barabara, na chai yake ina sukari ya watu watatu. Chaki ilipoadimika alifundisha kuandika kwa kidole mchangani, kisha akalalamika kwa mkaguzi kwamba mvua imefuta mtihani. Darasani mwake kulikuwa na sheria moja ambayo kila aliyepita mikononi mwake anaikumbuka: mwalimu akitoka, mstari unatoka. Kila mtoto anaweka mkono begani kwa mwenzake wa mbele, na wimbo ulioanzishwa haukatwi mpaka mwalimu mwenyewe aukate. Bombani watoto wadogo husukumwa na wakubwa, na Mama hakutaka hata mmoja wake apotee.

Lakini tusidanganyane. Wengi wetu tutamkumbuka kwa sababu ya Marceline.

Mwaka 1975 Marceline, binti wa Fidèle wa kiwandani na Mama Rosalie, alikuwa na miaka minane. Sauti nyingi zikipanda pamoja alikuwa akiziba masikio, anapiga kelele, anapindua benchi, na anayemshika anang'atwa. Alichapwa, akapelekwa kuombewa, akafungiwa katika ghala la majembe. Kila dawa ilimzidishia. Na miaka ile kila asubuhi ilianza kwa animasyo, yaani nyimbo na ngoma za kusifu chama mbele ya bendera, shule nzima, hakuna kubaki nyuma. Kwa mtoto yule ilikuwa ni kuchomwa moto kila siku kabla ya somo la kwanza.

Mama Bibiane aliomba mtoto aletwe darasani kwake. Katika mwezi wa kwanza naye aling'atwa. Alama ya meno iko mkononi mpaka leo, mwombeni awaonyeshe. Alimkalisha karibu na mlango. Kelele zikizidi, Marceline alimtazama mwalimu, mwalimu akaitikia kwa kichwa, na mtoto akaenda bombani kunawa uso, akarudi. Akipindua benchi alilisimamisha mwenyewe. Polepole mabenchi yakawa yanapinduka mara chache, na kabla ya Pasaka alikuwa anasoma.

Mkuu wetu wa wakati ule, Séraphin, au Citoyen Directeur, yaani mwananchi mkuu, kama chama kilivyotaka aitwe, hakutazama kusoma. Alitazama mstari wa bendera, ambako Marceline bado alikuwa akiziba masikio. Alituita walimu barazani akasema mtoto huyu anatuletea siasa, aondolewe. Sote tulijua maana yake. Mtoto aliyefukuzwa shule ya kambi hakuna shule nyingine ambayo ingempokea; Fidèle alikuwa ameshaambiwa atafute babu au nyanya huko kijijini, njia ya Mulungwishi, binti akalime mihogo. Mama Bibiane alisimama.

"Citoyen Directeur, huyu mutoto anasoma. Minye njo namufundisha, minye njo najua. Kama munamufukuza, mutafute na mwalimu."

Mkuu aliogopa kukosa mwalimu katikati ya mwaka, akalegeza nusu. Wajumbe wa chama walikuwa wanakuja Jumamosi. Siku hiyo Marceline afungiwe ghalani asionekane; baada ya hapo tutaona.

"Mutoto haiko sufuria ya kuungua," alijibu Mama, "ya kuficha kama bageni banakuja."

Jumamosi alimleta, sare imepigwa pasi, akamweka mbele kabisa, amemshika mkono. Wimbo wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Katika wa tatu ngoma zilipoongezwa, Marceline akaanza kutetemeka. Nilikuwa na darasa langu la tano pembeni, nikaona macho ya mkuu yanasema: umeona? Mama Bibiane hakumtazama mkuu. Alimtazama mtoto, akaitikia kwa kichwa, nao wakaondoka, mkono kwa mkono, kuelekea bombani.

Na mwalimu akitoka, mstari unatoka. Darasa zima la pili likaweka mikono mabegani likafuata, likiimba kwa nguvu zote, maana wimbo haukukatwa. Wakapita mbele ya jukwaa, wakazunguka mlingoti wa bendera, wakapotea nyuma ya jengo, sauti ikiwa bado juu. Mkuu alibadilika rangi. Kuiacha animasyo mbele ya wajumbe! Watu walikuwa wamelala gerezani Buluo kwa kosa dogo kuliko hilo.

Kiongozi wa wajumbe akasimama, akapiga makofi.

"Ile ya mustari iko muzuri sana! Murudilie! Na kale katoto ka mbele, ni ka nani?"

Mkuu akainuka haraka. "Ni ketu, Chef. Ka deuxième," akajibu, yaani ka darasa la pili.

Wengine wangeishia hapo, wamshukuru Mungu wanyamaze. Mama Bibiane alikataa kurudia mstari, akasema watoto wamechoka, na Jumatatu alikuwa mlangoni mwa mkuu kabla ya mkuu mwenyewe. Hakutaka mtoto abaki kwa bahati ya makofi.

"Sitaki abakie sababu ya mustari. Bageni bamerudia kwabo. Abakie sababu ni mutoto wa hii shule, na asubui abakie mu classe mpaka nyimbo iishe."

Saa ya bendera ikapita, naye bado amesimama mlangoni, hampishi. Mkuu akakubali, kwa hasira, lakini akakubali.

Marceline alimaliza darasa la sita. Hakuwa daktari, msisubiri mwisho wa hadithi za redioni. Anashona nguo kwake, mtaa wa Kikula, ana ulimi mkali, na kelele bado hazipendi. Barua za mama yake anamsomea mwenyewe, na mihogo analima anayetaka.

Mama Bibiane, asante. Umetuchosha, umetuchekesha, umetufundisha kubaki tumesimama barazani. Lala asubuhi, kunywa chai yenye sukari yote, nenda ukawatembelee wajukuu bila kuomba ruhusa kwa mtu. Uwe na afya na siku ndefu za raha.

Neno moja limebaki. Tunajua baraza la kumfukuza Théodore, yule wa darasa la kwanza anayerusha viti, limesogezwa mpaka baada ya tarehe mbili Julai ili wewe uwe umeshaondoka. Wasihangaike. Walimu tisa tumeshakubaliana hatoki, na Septemba mimi napokea darasa la pili, ataketi darasani kwangu. Anayetaka kumtoa aanze kunitoa mimi.