Raili Kemppainen na Buti Zilizogeuzwa

Tarehe 30 Aprili, mkesha wa Vappu, sikukuu yetu ya Mei Mosi, Raili Kemppainen atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na moja ya kuwachagulia watu buti za skii, na vifungio vinavyoishika buti kwenye skii, katika duka letu, chini ya kilima cha Kivivaara, Kuusamo, kaskazini mwa Finland.

Alikuja kwetu akiwa mshona viatu aliyekosa kazi kiwanda cha viatu kilipofungwa. Alijua ngozi, hakujua plastiki. Wiki ya kwanza alifungua buti moja hadi skrubu ya mwisho, akavipanga vipande mezani kwa saizi, na chakula cha mchana kikampita.

Miaka hiyo wateja walishuka mteremko, wakanywa kakao, wakarudi nyumbani. Kisha wakaja vijana wa uwanja wa miruko, wale wanaoteleza juu ya reli za chuma, wanaoruka vilima na kutua kinyumenyume. Walitaka buti kubwa zinazolegea, na vifungio vilivyokazwa visiachie ng'o. Sisi wengine tuliwauzia walichotaka. Raili alichukua daftari, na msimu mzima, kila Jumapili, akaketi kando ya uwanja akiandika jinsi watu wanavyoanguka. Alirudi na mashavu mekundu na maswali tele. Kwa nini visigino vinawauma kuliko magoti? Kwa nini skii ifunguke mtu angali hewani?

Tangu hapo hakuna aliyepimwa mguu kabla ya kuhojiwa. Unaangukia upande gani? Unatua ukitazama wapi? Ndipo mguu mtupu uingie katika ganda gumu la nje la buti, vidole viguse mbele, na nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya vidole viwili vya mkono, si zaidi. Buti ikunjike kiasi ugoko ukiisukuma, na chini ya kisigino pawe na mto wa kupokea kishindo. Mteja mmoja alichoka akamuuliza, "Raili, unaniuzia buti au unanitafutia mchumba?"

"Mchumba asiyekufaa utamwacha njiani," Raili alimjibu. "Buti isiyokufaa utashuka nayo mpaka chini."

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli nisipomtaja Oskari Tuomaala, mmoja wa vijana wale wa miruko. Machi 2009, wiki mbili kabla ya majaribio ya timu ya taifa, skii yake ya kushoto ilifunguka alipokuwa akipaa. Alivunjika mtulinga. Vifungio vile Raili ndiye aliyeviweka, kwa namba ya ukazo inayolingana na uzito, kimo na urefu wa soli. Kijiji kizima kilikuwa na jibu: namba ilikuwa ndogo, angekaza. Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti.

Raili hakujitetea. Aliomba aletewe buti. Sinikka, mama yake Oskari, alizileta kwenye mfuko wa plastiki, akazitua mezani bila salamu.

Zilikaa pale siku mbili. Raili alipima kifungio upya. Kiliachia palepale kinapotakiwa kuachia. Ndipo akaigeuza buti na kupitisha ukucha kwenye ncha ya soli. Ilikuwa imelika kama kipande cha sabuni. Kila siku Oskari alitembea nazo kutoka kituo cha basi, kilomita nzima ya changarawe, na sasa kifungio hakikuwa na cha kushika sawasawa.

Angeweza kuishia hapo, lawama zikamwendea kijana. Badala yake alipanda basi hadi hospitali.

"Namba niliikagua," alimwambia Oskari. "Soli sikuigeuza. Hilo ni kosa langu."

Oskari alitazama dirishani. "Na mimi hakuna aliyewahi kuniambia buti hizi si za kutembelea."

"Hilo nalo ni langu."

Sinikka, aliyekuwa akimenya chungwa, alisukuma kiti kuelekea kwa Raili.

Msimu uliofuata Oskari alirudi dukani, na hofu ilikuwa bado imemkaa. Aliomba vifungio vikazwe mpaka mwisho. "Nikiruka nataka skii zibaki mguuni," alisema.

"Nami nataka ukianguka ziondoke."

Walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mwisho wakakubaliana: soli mpya, vifungio vinavyonyumbuka kidogo kabla ya kuachia, vifungwe karibu na katikati ya skii apate kutua kinyumenyume, na namba ileile. Kwenye majaribio ya msimu huo Oskari alitua vibaya mruko wa pili. Skii zote mbili ziliachia, akaburuzika kwa mgongo hadi chini, akainuka na magoti mazima. Mruko wa tatu ulimwingiza timu ya taifa. Leo kila buti inayopita karakana yetu hugeuzwa kwanza, hata ya mtoto wa miaka sita.

Tulipomuuliza Raili anataka zawadi gani, alichagua buti laini za uwanja wa miruko. Kumbe miaka yote hiyo hakuwahi kuruka hata mara moja. Jumanne iliyopita alipanda kilima kidogo kuliko vyote, akaondoka ardhini labda shubiri mbili, akaanguka. Tulipomkimbilia alikuwa ameketi thelujini akiichunguza skii iliyoachia, akatuomba tusogee tusimzuie njia. Alipanda tena mara nne.

Asante, Raili, kwa magoti yetu na ya watoto wetu. Tunakuombea siku njema, theluji laini, na vilima vya kutosha.

Taisto Virkkula, kwa niaba ya karakana